Waya Uliofungwa Kitambaa

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kwenda kumtafuta fundi umeme kwa miguu, maana kwenye simu nilishachoka naye. Kila nikimpigia ananiambia, "Nipo njiani, dada," mpaka nikaanza kujiuliza hiyo njia yake inapita nchi ngapi. Mtaani walimwita Fundi Pole. Taa imeungua, pole. Feni imegoma, pole. Kuja, haji.

Shida yangu ilikuwa kompyuta. Ilikuwa inaniuma.

Nasema inaniuma kwa sababu sina neno jingine. Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu vya shule, na nilikuwa naifanyia nyumbani, chumba cha mbele cha nyumba tuliyopanga, kwenye kompyuta ya mezani yenye kasha la chuma. Ukiligusa kasha lile kwa kidole unang'atwa kama umeshika siafu. Ukiligusa kwa kiganja, mkono unakufa ganzi mpaka kwenye kiwiko. Ilifika mahali nikawa naiwasha kwa ncha ya mwiko.

Na hakuna aliyeniamini.

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alikuwa anaishi nasi. Nilipomwita aone, akaweka kiganja juu ya kasha na kukiacha hapo.

"Wifi, mbona imetulia tu?"

Nikaweka changu. Nikaruka. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mashine hizi zinataka wifi," akasema. "Mimi ndiye wifi. Wewe unabisha hodi bila mwaliko."

Mama mkwe yeye hakucheka. "Mwanangu," aliniambia kwenye simu, "umeme haubagui. Kinachobagua kina jina lake. Acha hiyo kazi ya kukaa na mashine kutwa." Mume wangu ni dereva wa lori. Alisema ataangalia akirudi. Akirudi analala, akiamka anaondoka. Na mwenye nyumba, ambaye wapangaji tulimwita Mama Kufuli kwa jinsi alivyokuwa akifungia kila kitu, jibu lake lilikuwa moja siku zote.

"Vaa kandambili."

Nyumba inaniuma, dawa yake kandambili. Nilikataa kuzivaa kwa hasira tu, nakiri.

Jioni ile nilikuwa namalizia kitabu cha sayansi ambacho mchapaji alikuwa ananikimbiza nacho. Nilipigwa nikavuta mkono, mkono ukakumba waya, mashine ikazimika. Sura nzima ikapotea. Sikulia. Nilivaa viatu nikaenda kumtoa fundi kibandani kwake, akiwa ameshika kikombe cha chai.

"Pole, dada, nilikuwa njiani—"

"Twende."

Alikuja. Akatoa testa, ile bisibisi yenye taa ndogo ndani, akagusa kasha la kompyuta. Taa ikawaka. Nilitaka kumkumbatia.

"Umeona?" nikamwambia wifi.

"Kasha lina umeme," fundi akasema. "Mashine kama hii huvujisha kidogo, na huo kidogo unatakiwa ushuke ardhini kwa waya wake. Waya haufiki, basi unabaki kwenye chuma unasubiri mtu. Wewe upo peku kwenye sakafu ya saruji, unapita kwako. Huyu mwenzako?" Akaitazama miguu ya wifi. "Yeye amevaa raba."

Kumbe ndiyo hivyo. Miezi yote ile, kumbe ndiyo hivyo. Nilijisikia mwepesi, na wakati huo huo nilitaka kumpigia kila mtu simu nimsomee maneno yale.

Fundi alifungua soketi. Waya wa ardhini ulikuwepo, wa kijani wenye mstari wa njano. Akaufuata mpaka ulipotokea nje, nyuma ya bafu, mahali ambapo udongo haukauki. Giza lilikuwa limeanza kuingia, nikammulikia kwa simu. Chini ya plasta iliyovimba, waya ulikuwa umekatwa. Ncha yake ilikuwa imefungwa kitambaa cheusi, mafundo juu ya mafundo, kimekazwa kama bendeji ya kidonda.

Alikisogeza puani. Akakunja uso.

"Nywele," akasema.

"Nini?"

"Kinanuka nywele zilizoungua."

Hakuniambia pole. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, lakini nilikuwa na hasira na sura ya kitabu imepotea. Nikamwambia akikate, akakikata, akakirusha kwenye taka. Akaleta fimbo ya shaba, ndefu kama mtu, akaanza kuigongelea ardhini.

Nyundo ya kwanza, fimbo ikaingia. Ya pili, ikaingia zaidi. Kisha akasimama.

"Dada, wewe umeisukuma?"

Sikuwa nimeigusa. Wala yeye hakuwa amegonga. Fimbo ilikuwa inashuka polepole, yenyewe, kama mrija kwenye uji. Ilisimama ikibaki urefu wa shibiri juu ya udongo.

"Udongo laini," fundi akasema. Akafunga waya haraka haraka, akaondoka bila kumaliza chai niliyomwekea.

Kompyuta ikanyamaza.

Nililigusa kasha kwa kidole, kisha kwa kiganja, kisha nikalikumbatia mbele ya wifi kwa makusudi. Hakuna kitu. Niliirudia ile sura iliyopotea, nikaipanga upya, nikawa nafanya kazi huku naimba. "Jini lako limepata nauli," wifi akasema, "limerudi kwao." Hata mama mkwe nilimpigia, nikamweleza habari za waya mwanzo mpaka mwisho. Akasikiliza, akasema, "Haya." Haya ya mama mkwe ni kama mlango unaofungwa taratibu.

Kisha Mama Kufuli akaja kuangalia bomba la bafu.

Nilikuwa nafua nyuma ya nyumba. Aliitikia shikamoo yangu, akapinda kona, akaiona fimbo. Alisimama pale hata nikadhani amepatwa na kizunguzungu.

"Nani amekitoa kitambaa?" Alisema kwa sauti ya chini sana.

"Fundi. Mama, waya ulikuwa umekatwa. Nimepigwa na umeme miezi yote hii kwa sababu mtu alikata waya."

"Nilikuambia uvae kandambili."

"Kwa hiyo ulijua."

 Nikaacha nguo kwenye beseni nikasimama mbele yake, povu linanidondoka mikononi. Sikuwahi kumkosea adabu mtu mzima, lakini siku ile nilikuwa nimefika shingoni.

"Mama, niambie."

"Nilikuwa na mpangaji," akasema, huku akiitazama fimbo. "Binti mshonaji. Alikuwa akishika pasi anasema kuna mtu anamshika mkono. Pasi ikiwa imezimwa. Nikaleta fundi, akasema waya ni mzima. Nikaleta mtu mwingine, siyo fundi. Huyo ndiye aliyekata na kufunga."

"Na mshonaji?"

"Alihama."

"Alihamia wapi?"

Mama Kufuli alifunga mdomo kama anavyofunga milango yake. Alipofika getini aligeuka. "Mwite fundi wako aing'oe," akasema. "Mwambie leo." Bomba hakuliangalia.

Nilimpigia fundi. Alikuwa njiani.

Jioni ile umeme ukakatika. Mtaa mzima ulizimika, nikasikia majirani wakiguna kama kawaida. Mimi nilikuwa jikoni napapasa kiberiti. Nikapaza sauti kumwambia wifi achomoe kompyuta, maana umeme ukirudi kwa kishindo huunguza vitu.

"Naichomoa," akajibu kutoka chumba cha mbele. Nikasikia kandambili zake... chap, chap, chap.

Kisha kimya.

Nikawasha mshumaa. Nikaita. Hakuitika. Harufu ikanifikia kabla sijatoka jikoni. Nywele zilizoungua.

"Wifi..."

Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Nilimkuta ameinama nyuma ya meza, kiganja kimelala juu ya kasha. Skrini nyeusi. Hakuna taa hata moja.

"Toa mkono," nikamwambia.

"Siwezi."

"Inakupiga?"

Alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka, uso haukukunjamana.

"Hainipigi. Imenishika."

Nilivuta plagi ukutani, ikagoma kutoka. Nikachukua fagio, nikausukuma mkono wake kwa mpini wa mbao kama nilivyowahi kusoma. Ilikuwa kama nasukuma ukuta. Kasha likaanza kusogea juu ya meza, kuelekea ukutani, krrr... na mkono wake nao. Soketi ya ukutani ilikuwa inaingia ndani. Niliiona kwa mwanga wa mshumaa. Plasta ilikuwa inapasuka kuizunguka, na soketi inaingia ukutani kama kifungo cha shati kinachovutwa kwa uzi kutoka upande wa pili.

Kuna kitu kilikuwa kinauvuta waya.

Nilichukua panga la kuvunjia kuni nikatoka nje mbio, nikizunguka nyumba. Fimbo haikuwepo. Pale ilipokuwa palikuwa na tundu tu, na waya umeshuka ndani yake umekazwa kama kamba ya kuanikia nguo, unatetemeka. Nilikuwa peku. Udongo ulikuwa wa moto.

Nilipiga panga. Waya haukukatika. Nikapiga tena, natukana, namtukana fundi, namtukana Mama Kufuli, namtukana kila aliyeniambia hakuna kitu. Ukakatika. Kipande cha chini kikatokomea tunduni kwa kasi, kama mkia wa panya.

Ndani, wifi alikuwa amekaa sakafuni ameukumbatia mkono wake. Juu ya kiganja, kuzunguka kifundo cha mkono, palikuwa na alama nyekundu. Nimezitazama mara nyingi tangu siku ile, na sijapata namna nyingine ya kuzieleza. Zilikuwa alama za vidole. Vidole vyembamba.

Fundi alikuja asubuhi, safari hii bila kuitwa; nadhani majirani walimwambia. Alikuwa na maelezo. Mashine hutunza umeme ndani hata umeme ukikatika. Msuli ukishtuka hujifunga, mtu akashindwa kuachia. Huenda jenereta ya jirani fulani ilikuwa imefungwa vibaya, ikatupa umeme ardhini, ukapanda kwa ile fimbo. Alama ni damu kuvilia. Yote aliyasema akiwa amesimama mbali na bafu.

"Na fimbo?" nikamuuliza.

"Udongo laini, dada."

"Basi chimba uitoe. Ni shaba hiyo, mali yako."

Alilitazama tundu. Akaokota mkoba wake.

"Pole," akasema. Na kwa mara ya kwanza niliona ameisema kwa dhati.

Tulihama wiki hiyohiyo. Mume wangu alilalamika, alikuwa anaipenda ile nyumba kwa sababu lori lilipata pa kugeuzia. Mama mkwe hakusema "nilikuambia," na hilo lilinitisha kuliko kama angesema. Kitabu kilitoka, kina sura nzuri kuhusu umeme, nimeipanga mwenyewe. Kwenye nyumba mpya nilimwita fundi mwingine apime waya wa ardhini kabla hatujaingiza hata kitanda. Akasema ni mzima. Nikamwambia apime tena, akapima tena, akanitazama kama wote walivyokuwa wakinitazama.

Wifi alikaa muda mrefu bila kuzungumzia jambo lile. Mzaha wake uliisha. Jana tulikuwa tunachambua mchele mezani, ndipo akasema bila kuinua uso:

"Wifi, unajua ule mkono haukuwa unanivuta?"

"Kasha lilikuwa linasogea. Niliona."

"Ndiyo. Lakini mimi ulikuwa haunivuti." Aliokota chuya, akaiweka pembeni. "Ulikuwa unajivuta. Ulinishika ili upate pa kushikia. Ulikuwa unatoka."

 Vidole vyangu vilikuwa vimesimama kwenye mchele.

"Ulipokata waya," akaniuliza, "ulikuwa bado upo chini? Au ulikuwa umeshapanda?"

"Chini," nikamwambia. "Ulikuwa chini. Nililiona tundu kwa macho yangu."

Aliitazama miguu yangu, nilikuwa peku kama kawaida, kisha akainua uso, akanitazama kwa upole, vile mtu anavyomtazama mgonjwa ambaye hajaambiwa.

"Sawa, wifi," akasema, na akaendelea kuchambua mchele.