Atyang Arudi Kwenye Nyaya

Saa mbili asubuhi nyumba ilikuwa kimya. Atyang alikuwa ameshafua nguo na kupeleka watoto shuleni. Mdogo wao, Ekisa, alikuwa ameanza chekechea juma hilo. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka saba, mama yake alikaa peke yake katika nyumba yao ya Malaba, akisikiliza malori yakinguruma barabarani.

Malori hayo aliyajua vizuri. Kabla ya kuzaa, Atyang alikuwa fundi wa umeme wa magari katika gereji ya Mzee Osukuku. Taa za trela zikikataa kuwaka, yeye ndiye aliyeitwa. Hakusomea kazi hiyo darasani. Alijifunza pale pale gerejini kwa miaka sita.

Alivaa viatu akaenda kuomba kazi yake.

Mzee Osukuku alifurahi kumwona. Kisha akakuna kichwa.

"Kazi iko, Atyang. Lakini mambo imebadilika. Wenye malori siku hizi wanauliza setifiketi. Fundi akigusa gari bila karatasi, bima inakataa kulipa."

"Mimi nilimfundisha Okiror kusoma nyaya, na bado yuko hapa!"

"Okiror ana karatasi. Wewe hauna. Nitakungoja mpaka mwezi wa sita tu, kwa sababu kuna wengine wanataka hiyo nafasi. Kwa sasa naweza kukupea kazi ya kupikia mafundi chai."

"Chai nimepika miaka saba, mzee. Inatosha."

Atyang alirudi nyumbani amekasirika, na mimi ninayesimulia sioni kwa nini asingekasirika.

Jioni alimweleza mume wake, Mulama. Mama mkwe, Mama Nabwire, alikuwa kando akichambua mrenda.

"Si ufanye saluni?" Mulama alisema. "Ni kazi safi ya wamama."

"Mimi sijui nywele. Najua nyaya."

"Kwetu mke wa mtu hapandi juu wanaume wakiwa chini," Mama Nabwire alisema. "Utapandaje lori?"

"Basi wanaume wasogee kando, mama."

Mama Nabwire aliacha mboga akamtazama. Mulama akaingilia haraka. Kama ni karatasi tu, alisema, anamjua mtu mmoja ng'ambo ya mpaka, huko Uganda. Unampa jina na picha mbili. Baada ya wiki mbili una setifiketi ya kazi yoyote.

Sisi wa mpakani tuna ugonjwa wetu. Sukari tumevuka kuitafuta, na mafuta, na vitenge. Mwishowe tunadhani kila kitu kikiwa upande wa pili wa mto ni rahisi, hata elimu. Atyang naye alishikwa na ugonjwa huo. Kesho yake alipigwa picha mbili.

Akiwa njiani kuzipeleka, alikutana na jirani yake, Among, mwalimu katika chuo cha ufundi. Among aliziona picha mkononi.

"Umependeza. Ni za nini?"

Atyang alimweleza. Among hakucheka.

"Huko utafundishwa na nani?"

"Hakuna mtu."

"Mtihani ni lini?"

"Hakuna mtihani."

"Dada, hiyo si shule. Unanunua karatasi. Na usidhani nachukia Uganda, mimi mwenyewe nilisomea huko. Lakini shule ya ukweli imeandikishwa na serikali ya kwao, na ina mtihani. Na setifiketi ya nje ukiileta Kenya, lazima itambuliwe na mamlaka ya hapa. Wakikuuliza ulisoma wapi, utasema nini? Na siku trela likiungua kwa waya uliofunga wewe?"

Atyang aliketi kwenye jiwe kando ya njia.

"Sasa nirudi shule miaka mitatu? Nafasi yangu itaenda! Watoto nitawaacha na nani?"

"Nani alikwambia miaka mitatu? Kuna mtihani wa ufundi wa serikali, ule wa gredi. Uliwekwa kwa watu kama wewe, waliojifunza wakiwa kazini. Unapewa kazi, unaifanya mbele ya msimamizi, halafu unajibu maswali. Unaanza gredi ya tatu. Ya pili na ya kwanza utafanya baadaye, ukiendelea kutafuta unga."

"Na diploma?"

"Diploma ni nzuri ukitaka kufundisha kama mimi, au kusimamia gereji kubwa. Usiulize kozi gani ni kubwa. Jiulize unataka kazi gani, halafu uulize ni karatasi gani inafungua huo mlango. Chuo kimeandikishwa? Mtihani unatoka kwa nani? Unaweza kusoma huku unafanya kazi? Mtu akikosa kukujibu hayo, usimpe hata jina lako."

"Nataka kazi yangu."

"Basi jiandikishe. Lakini nikwambie ukweli. Mikono yako imelala. Malori ya siku hizi yana kompyuta."

"Mikono yangu haijalala!" Atyang alisema.

Jumamosi alienda kufanya mazoezi katika karakana ya chuo cha Among. Aliunguza fiuzi tatu. Wanafunzi, ambao wengi hawakuwa hata na ndevu, walicheka. Atyang aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Jumamosi iliyofuata alirudi. Akarudi tena na tena, mpaka mmoja wa waliocheka akaanza kumwuliza maswali.

Mulama alinuna siku mbili. "Kwa hiyo umekataa mpango wangu?"

"Nimekataa kununua jina la kazi ambayo naijua."

Siku ya tatu Mulama aliwapeleka watoto shuleni mwenyewe.

Mtihani ulipangwa Ijumaa moja ya mwezi wa nne. Jumatano ya wiki hiyo, simu ilitoka Funyula, kwao Mulama. Shangazi wa Mulama alikuwa amefariki. Mazishi yangekuwa Ijumaa hiyo hiyo.

Kila mke aliyeolewa huku anajua maana yake. Mazishi ya ukoo ni kazi ya wake wa ukoo. Wao ndio huchota maji, hukoka moto na kupika. Mke asipoonekana jikoni, jina lake huchambuliwa kuliko mboga.

"Tunaondoka Alhamisi," Mama Nabwire alisema.

"Mimi nitakuja Ijumaa jioni, mama. Asubuhi nina mtihani."

"Mtihani ungoje. Mtu amekufa!"

"Mtihani haungoji, na nikiukosa nafasi yangu imeenda. Shangazi nilimwuguza wiki mbili akiwa hapa kwetu. Aliniona jikoni akiwa hai. Nitakuja kupika, lakini nitakuja nikimaliza."

"Watasema huna heshima."

"Waseme, mama. Nitawapata wakiendelea kusema."

Mama Nabwire alifunga virago. Usiku huo Atyang hakupata usingizi. Alimpenda mama mkwe wake, na iliuma. Lakini asubuhi ya Ijumaa alivaa ovaroli.

Alipewa trela lililokuwa na kasoro, likiwa limefungwa kwenye lori. Ukikanyaga breki, taa ya kona ndiyo iliyowaka. Mwanamume aliyefanya mtihani kando yake alianza kubadilisha balbu za trela lake. Atyang hakugusa balbu. Aliona kwamba taa zote zilikuwa hafifu. Alilala chini ya trela, akafuata nyaya kwa vidole, akaupata waya wa kurudisha umeme, ule ulioungwa kwenye bodi. Ulikuwa umeshika kutu. Aliusugua, akaukaza, akatoka.

"Kanyaga breki," alimwambia msimamizi.

Taa za breki ziliwaka, nyekundu na kali.

Alifika Funyula jioni, vidole vikiwa bado na grisi. Wake wa ukoo walikuwa wameketi jikoni. Mmoja alisema kwa sauti ya kusikika, "Mwenye trela amefika."

Atyang alinawa mikono, akashika mwiko wa ugali. Hakuna aliyempisha kwenye moto.

Ndipo Mama Nabwire aliposema kutoka mlangoni, "Mpisheni. Ametoka kwa mtihani wa serikali. Nani mwingine hapa amefanya mtihani leo?"

Walimpisha.

Matokeo yalitoka kabla ya mwezi wa sita. Atyang alipita. Mzee Osukuku alisoma setifiketi mara mbili, kisha akampa ufunguo wa sanduku la vifaa. Sasa Atyang hufunga nyaya kutoka asubuhi hadi saa kumi, na Jumamosi bado anaenda kusoma kompyuta za malori. Kazi ya chai pale gerejini anaifanya Okiror, kwa zamu na wenzake.

Jioni moja Mulama alimkuta mezani akijaza fomu.

"Hiyo ni ya nini tena?"

"Gredi ya pili."

"Na ruhusa umeomba kwa nani?"

Atyang aliandika jina lake lote, polepole, kabla ya kumjibu.

"Niliuliza tarehe ya mtihani tu. Ruhusa sikuhitaji."