Jina Lililonyamazisha Taya

"Litoe! Nimesema litoe kabla sijalitupa chooni!"

"Mama, ukilitupa umetupa masomo yangu. Jumatatu ni mtihani."

"Basi kasomee kwa huyo Maroa aliyekupa. Si kwenye meza ya kulia ugali!"

Zilpah alilikumbatia fuvu kifuani. Alikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha wauguzi huko Homa Bay, na mtihani wa mifupa ya kichwa alikuwa ameshaufeli. Akifeli tena, anafukuzwa. Maroa, mwenzake wa darasani, alimwazima fuvu hilo lililoachwa na wanafunzi waliomaliza, Zilpah akaja nalo nyumbani Ndhiwa ndani ya begi la nguo.

Mama yake, Millicent, alinyoosha kidole kwenye taya la chini.

"Tazama hapo mbele. Meno sita hayapo, na mashimo yake yalishajifunga. Huyu aling'olewa akiwa kijana, kama wazee wetu wa zamani. Ni Mjaluo, na hajazikwa kwao. Unajua mtu wa namna hiyo huwa nini?"

"Jini?" Zilpah akacheka. "Majini ni wa Mombasa, Mama. Huku tuna mbu tu."

"Cheka. Jachien, pepo wa mfu asiyetulia, hajali umesoma wapi."

Lynnet, mdogo wake Zilpah, ndiye aliyewatuliza. Aliomba fuvu likae hadi Jumapili. Yeye aliacha shule kidato cha pili kwa sababu karo ya nyumba ile ilimtosha mmoja, na huyo mmoja alikuwa Zilpah. Zilpah akifukuzwa, hakuna atakayekuwa amesoma. Mama akakubali shingo upande.

Walisomea mezani, dirisha likiwa wazi. Lynnet alielekeza kwa kijiti cha ufagio, Zilpah akataja.

"Hapa?"

"Mfupa wa paji."

"Na hapa juu, penye mshono kama wa gunia?"

"Mifupa ya utosi. Kushoto na kulia."

"Huku nyuma?"

"Kisogo. Na hilo tundu kubwa chini yake ndipo uti wa mgongo unapopita."

Hapo ndipo harufu ilipoingia. Ilikuwa tumbaku kali ya kiko, na nyumbani kwao hakuna aliyevuta. Lynnet akachungulia nje. Uani palikuwa na kuku tu. Alipogeuka, taya la fuvu, walilokuwa wamelifunga, lilikuwa wazi.

"Umelifungua wewe?"

"Springi zinazoshika taya zimelegea. Endelea, bwana."

Lynnet akaingiza kijiti katika kitundu cha sikio cha fuvu. Zilpah akaruka, mkono sikioni.

"Mbona unanichoma?"

"Sijakugusa!"

"Lynnet, usinitanie." Lakini alipoushusha mkono, kidole kilikuwa na damu.

Hawakumwambia Mama. Siku iliyofuata, Jumamosi mchana, jua likichoma mabati, walikuwa wamefika kwenye mfupa wa shavu taya lilipoanza kugonga, kwanza polepole kama mtu anayetafuna kitu kigumu, kisha kwa haraka kama mgonjwa anayetetemeka kwa malaria, likasogea juu ya meza kidogo kidogo kumwelekea Zilpah aliyekuwa amerudi nyuma hadi ukutani, na harufu ya tumbaku ikajaa chumbani mpaka Lynnet akahisi inamkwaruza kooni, akamwita Mama kwa sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake.

Mama akaingia na jembe mkononi. Akatazama, akaliweka jembe chini taratibu. Hakukimbia. Alifanya kama wanavyofanya Wajaluo mtoto mchanga akilia bila kukoma, pale majina ya wafu wa ukoo yanapoitwa moja baada ya jingine, na lile linalomnyamazisha ndilo linalokuwa lake.

"Wewe ni Okelo?" akauliza kwa sauti ya chini. "Ni Ogutu? Ni Nyagudi?"

Taya likazidi kugonga.

"Ni Odera wa kwetu? Sema, baba, tujue tukupeleke wapi."

Likafika ukingoni mwa meza, mbele ya tumbo la Zilpah. Lynnet akashindwa kuvumilia.

"Zilpah! Toka hapo, Zilpah!"

Taya likanyamaza.

Mama akamgeukia Lynnet polepole.

"Mtoto wangu, umesema nini?"

"Nilikuwa namwita tu atoke..."

"Umempa jina," Mama akanong'ona. "Sasa analo."

Jumapili asubuhi Zilpah alitaja mifupa yote, macho amefumba, akipapasa uso wake mwenyewe, hata ile ambayo Lynnet hakuwahi kumuuliza. Mdomo wake wa chini ulikuwa umebonyea, kama wa mtu asiye na meno ya mbele. Maneno yalitoka na upepo, na ule upepo ulinuka kiko. Alimwita Mama "nyathina", yaani mwanangu.

Mama alitaka kumfungia chumbani.

"Mama, amejua yote," Lynnet akamsihi. "Kesho atapita. Mwache aende, nisiwe nimeacha shule bure."

Akambebea begi mwenyewe hadi kwenye pikipiki. Fuvu Zilpah aliliacha mezani. "Silihitaji tena," alisema, akaondoka bila kugeuka.

Mama akalifunga kwa leso, akaliweka barazani walizike asubuhi, akafunga mlango. Jua lilikuwa bado halijazama walipoanza kusikia kitu kikigonga. Kiligonga chini kabisa, karibu na kizingiti, si kama mkono, ila kama mfupa juu ya mbao. Mama akamshika Lynnet kwa nguvu na kumziba mdomo. Kisha, kutoka nje, ikaja sauti ya dada yake, nyembamba, yenye kilio.

"Lynnet, nifungulie. Aliyepanda pikipiki si mimi."