Kitanda Kutoka Igawa

Kitanda kilishushwa Kihesa mchana wa baridi, upepo wa Iringa ukipenya hadi mifupani, na Shufaa alipokipapasa akakuta mbao zote ni baridi isipokuwa mahali pamoja. Kwenye ubao wa ubavuni, upande wa miguuni, palikuwa pamelika na kubonyea upana wa makalio ya mtu mzima, rangi imetoka yote. Hapo palikuwa na joto, joto la mahali alipoinuka mtu sasa hivi.

Alikijua kitanda hicho. Ndicho alicholalia utotoni, kule Igawa, Usangu. Sasa mama yake alikuwa amezikwa, arobaini imepita, na urithi ulikuwa huo. Alipajua na hapo palipolika, maana palimponza sana. Kila alipotaka kukaa pale alichapwa kibao cha kisogoni kabla hajagusa. "Ondoka. Hapo pana mtu," mama yake alikuwa akisema, basi, hakuna maelezo. Kila ilipokaribia Idi, nyumba ikipakwa chokaa na vyombo vikisuguliwa, mama alikipaka kitanda mafuta kote, akapaacha pale tu. Tuseme ukweli: Shufaa alimpenda mama yake, na kwa hilo la ubao alimchukia.

Na Idi ilikuwa inakaribia. Bibie, bintiye wa pekee, alikuwa na miaka mitano, umri wa kutoka kitandani kwa wazazi. Bushiri, baba mtoto, muuza mchele sokoni, hakuona la kujadili.

"Kipigwe msasa na vanishi, ama kipasuliwe kuni," alisema. "Kilivyo hivi hata paka atakikataa."

Shufaa alisita siku kadhaa. Mwisho akampigia simu mama yake mkubwa, dada wa marehemu, aliyebaki Igawa.

"Kiache kama kilivyo," mama mkubwa alisema.

"Kwa nini, mama mkubwa?"

"Mengine hayasemwi kwenye simu. Kiache. Mtoto alale mkekani."

Hapo ndipo wazee wanapotuponza. Wanafunika chungu, kisha wanamlaumu anayefunua. Shufaa alipandwa na hasira. Binti yake hatachapwa kwa ajili ya kipande cha mti, aliapa, na kesho yake akamwita Rabson, seremala wa mtaa wa pili.

"Kamwene, dada," Rabson alimsalimia kwa Kihehe chake, akainama kutazama. "Mninga huu, mali kabisa. Ila hapa pameshuka mno, randa haitasaidia. Ubao huu niutoe wote, nikuwekee mpya."

Shufaa aliutazama ubao. "Utoe," akasema.

Kitanda kikapelekwa karakana kwake, na msumeno ulipoingia ilitoka harufu ya nywele zinazoungua. Rabson alisema ni vanishi ya zamani. Ubao ule aliusukumia kwenye moto wa kuchemshia gundi, na jioni, alipokuja kuchukua ujira wake, alicheka cheko la mtu asiyefurahi. "Dada, kuni zako zinalia. Zinalia kama mtu aliyefukuzwa kwake."

Kitanda kikarudi kinang'aa. Bibie akalala juu yake akiimba, na asubuhi akaamka amepinda.

Hakuwa na jeraha wala homa. Alitembea ameinama tu, mikono magotini, kama wanawake wanaopandisha mlima na mizigo ya kuni. "Mgongo mzito, mama," alisema kwa sauti ndogo. Zahanati walimpandisha kwenye mizani. Nesi akaitazama, akaigonga kwa kidole, akamshusha mtoto, akapanda yeye, akashuka. "Mizani mbovu," alisema, ingawa yeye ilimpima sawasawa. Mtoto wa miaka mitano alikuwa na uzito wa baba yake.

Bushiri akamleta shehe. Shehe alisoma vizuri hadi katikati, kisha Bibie akainua kichwa na kusema, kwa sauti nzito ya mtu aliyekerwa, "Mimi nilikuwa nimekaa zangu." Shehe akafunga msahafu taratibu, akaomba viatu vyake.

Mama mkubwa, alipopigiwa simu, alifika kwa basi la mchana. Hata maji alikataa.

"Ubao uko wapi?"

"Uliungua."

Mama mkubwa aliketi sakafuni. "Wewe ulipokuwa na umri wa huyu ulipinda hivi hivi," alinong'ona. "Tulizunguka kwa waganga Usangu nzima, huyo aliyekukalia mgongoni hatoki. Mwisho mamako akamsihi: shuka kwa mwanangu, nitakupa pa kukaa, na hapatakaliwa na mwingine. Akamwonyesha pale kitandani. Vile vibao ulivyochapwa, mwanangu, alikuwa anakulinda."

Shufaa alilia, kwanza kwa uchungu, kisha kwa aibu. "Tumpe ubao mwingine, basi."

"Ulishamchomea mmoja. Huo mwingine atauamini vipi?"

"Anataka nini, sasa?"

"Mahali ambapo wewe huwezi kupapiga msumeno," mama mkubwa alisema, akageuza uso.

Magharibi hiyo Shufaa aliwatoa wote nje, akafunga mlango, akaketi ukingoni mwa kitanda kilichonuka vanishi, akampakata Bibie aliyekuwa akihema kama mpagazi chini ya gunia, akasikia ubao mpya ukilalama kwa uzito usio wao wawili, akasikia na pumzi ya tatu, ndefu, isiyo na haraka, ikimpuliza kisogoni pale pale mama yake alipozoea kumchapa, na harufu ya nywele zinazoungua ikajaa chumbani mpaka machozi yakamtoka, akataka kukimbia, wallahi alitaka kumwacha hata mtoto akimbie, lakini akainama, akamfunika bintiye kwa kifua chake na kunong'ona, "Mwache huyu. Njoo kwangu."

Kisha Bibie akashusha pumzi, akanyooka, akasema ana njaa.

Siku ya Idi Bibie alivaa gauni la kijani, akakimbizana na wenzake uani tangu asubuhi. Shufaa alikaa mkekani akimenya vitunguu, ameinama hata pua ikakaribia magoti. Majirani walisema ni kule kuinamia cherehani kutwa akishonea watu nguo za Idi. Bushiri alimnunulia dawa ya kuchua, na kila jioni alipomchua alishangaa jinsi mgongo ulivyo na joto mahali pamoja.

Bibie akaja mbio kwa nyuma, kama alivyozoea, mikono imeshanyooka amrukie mama yake mgongoni abebwe. Mkono wa Shufaa ukachomoka wenyewe. Kibao kikamkuta mtoto kabla hajagusa.

Bibie alisimama akimtazama, midomo inamtetemeka. Shufaa alitamani kumvuta, kumkumbatia, kumweleza yote.

"Ondoka," akasema. "Hapo pana mtu."