Jino la Fundi Cherehani

Baba yangu ni fundi cherehani, na mdomo wake ni pini tupu. Akimpima mtu gauni huzibana kwenye midomo, na mteja akimsalimia anajibiwa kwa nyusi. Mama humwambia siku moja atapiga chafya amtoboe mtu. Mimi hukaa upande wa pili wa meza, natia vifungo na kumtazama. Kazi nimejifunza hivyo, kwa kutazama.

Mwaka huo baba alianza kushika kifua kila akiinama kukata kitambaa. Hospitali wakampiga picha. Mshipa mkuu wa damu, ule unaotoka moyoni na kupeleka damu mwili mzima, ulikuwa umetanuka. Madaktari huuita aota. Ukiachwa unaweza kupasuka, na ukipasuka mtu huenda asifike hata hospitali.

Daktari akatueleza kwamba watakata sehemu iliyotanuka, na mahali pake watashona bomba la kitambaa maalumu. Watatia na vali ya bandia, yaani kilango kinachopitisha damu mbele bila kuirudisha. Baba aliposikia neno kushona, akatulia. Akauliza uzi ni wa aina gani.

Tulisubiri nafasi kwa muda mrefu. Baba alikunywa dawa za kushusha presha, akakatazwa kubeba majora ya vitambaa. Hatimaye tukaitwa.

Wiki ile ile nikaona jambo. Baba alikuwa anatafuna upande mmoja. Chai aliiacha mpaka ipoe. Asubuhi moja nikamkuta mbele ya kioo cha wateja, sindano mkononi, anajitoboa fizi. Alitema usaha na damu kwenye kopo, kisha akasukutua kwa maji ya chumvi.

"Hujaona kitu," akaniambia.

Alisema wakijua ana jino bovu watamwahirisha, na nafasi yake atapewa mwingine. "Jino haliui, mwanangu. Kinachoua ni mshipa."

Mama naye alikuwa upande wake. Alinisihi ninyamaze mpaka baba apasuliwe, jino tutaling'oa baadaye. Nikabaki katikati. Nikisema, baba huenda akakosa nafasi na mshipa ukapasukia nyumbani. Nisiposema, sikujua litatokea nini, na huko kutojua ndiko kulikoninyima usingizi.

Wodini, nesi alianza kumuuliza baba maswali. Ana homa? Hapana. Ana kidonda chochote? Hapana. Meno je? Baba akajibu kwamba meno yake yanavunja mifupa. Nesi akacheka, akawa anaendelea na swali jingine.

"Sista," nikasema, "jino la nyuma, kushoto. Linatoa usaha."

Baba alinitazama kama anavyoutazama mkasi uliotoka nje ya mstari wa chaki. Mama akainamisha kichwa.

Nesi hakumgombeza mtu. Alivuta kiti, akaketi karibu na kitanda.

"Fundi, umeshamaliza koti, umefunga kila kitu, halafu unagundua bitana ina uchafu ndani. Unafanyaje?"

"Nafumua."

"Basi hili koti hatutaki kulifumua."

Akaeleza polepole. Jino bovu lina vijidudu. Mtu akitafuna, na zaidi akijichokoa kwa sindano, vijidudu huingia kwenye damu. Mara nyingi mwili huvimaliza wenyewe. Lakini kitambaa na vali ya bandia si nyama. Vijidudu vikishika hapo hujificha, na dawa huvifikia kwa shida. Mgonjwa hutibiwa muda mrefu, na pengine kifua hufunguliwa tena. Upasuaji huo wa pili ni wa hatari kuliko wa kwanza, na si wote wanaotoka salama.

Baba akalitafuta jino kwa ulimi. "Na nafasi yangu?"

"Itasogezwa, haifutwi. Mshipa ungekuwa karibu kupasuka, madaktari wangeamua vingine. Wao ndio wanaopima ipi hatari kubwa. Ukiwaficha, watapima nini?"

Kisha akaona wembe kwenye mfuko wa baba. Baba alikuwa ameuleta ajinyoe kifua mwenyewe, eti asiwape watu kazi. Nesi akauchukua. Alisema wembe huacha mikwaruzo midogo, na kila mkwaruzo ni mlango wa vijidudu. Nywele zikihitaji kutolewa, watazitoa wao kwa mashine. Yeye aoge kwa sabuni atakayopewa, na wanaokuja kumwona waoshe mikono kwanza. Na pini, mama alipozitaja, zikae nje ya mdomo.

Walimpiga picha tena. Mshipa haukuwa umetanuka zaidi. Wakambakiza wodini, wakampa dawa za kuua vijidudu, na daktari wa meno akaling'oa jino. Muda huo wote baba hakusema nami. Akitaka maji alimwambia mama, na mama ananiambia mimi niliyekaa karibu na jagi. Lakini jino lilipotoka, aliomba alione. Kwenye mzizi kulikuwa na kifuko cha usaha.

"Njoo uone," akaniita. Tukalitazama pamoja. "Hiki ndicho nilichotaka kwenda nacho kule ndani."

Fizi ilipopona, akapasuliwa. Tulikaa kwenye benchi la korido mpaka daktari akatoka akivua kofia, akasema bomba limekaa vizuri. Nyumbani mama alisimamia kidonda kama askari. Tuliambiwa kikitoa majimaji, au homa ikipanda, turudi siku hiyo hiyo. Kilikauka. Baba akarudi kwenye cherehani, polepole, majora nikiyabeba mimi.

Baadaye jino jingine likamsumbua. Safari hii alinitangulia mlangoni, nikamsindikiza. Daktari wa meno, ambaye hakuwa anamjua, alimlaza kwenye kiti akamwambia afungue mdomo. Baba akainua mkono.

"Kwanza nisikilize. Nina vali ya bandia na mshipa wa kitambaa. Natakiwa kupewa dawa ya kuua vijidudu kabla hujanigusa. Nakunywa pia dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa hiyo mpigie daktari wangu wa moyo."

Daktari akaweka kifaa chake chini, akachukua simu. Waliongea, baba akapewa dawa, tukangoja ifanye kazi.

Ndipo baba akafungua mdomo.