Nyonga ya Harieth

Ndugu zangu wa Nkololo, nanyi mnaosoma mkiwa mbali, haya niliyaona kwa macho yangu, na sehemu ya aibu yake ni yangu. Nivumilieni nikiyasema.

Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa sita, pamba imeshatoka shambani na watu wametulia. Uani kwa Machibya, binti yake Harieth alikuwa amekaa mkekani na mama yake, Wilhelmina, wakibangua karanga. Harieth alikuwa mwaka wa kwanza chuo cha ualimu, mkoa wa jirani, na alikuwa amekuja likizo. Alikuwa akimwigiza mkuu wa chuo anavyokohoa kabla ya kukemea wanafunzi, na mama yake alicheka hadi akafuta machozi kwa kanga. Mimi ni jirani yao. Nilikuwa nimekuja kuazima toroli, nikasahau hata kulichukua.

Machibya akatoka ndani na karatasi mkononi.

"Huyu Stephania ni nani?"

"Mwalimu wetu wa michezo, baba."

"Anaandika ukae miezi sita bila kukimbia. Eti daktari ameona ufa kwenye nyonga. Wewe una miaka ishirini na moja au ni bibi kizee?"

Harieth akaacha kucheka.

Niwaeleze kidogo. Tangu sekondari, Harieth alikuwa hashikiki katika mita elfu tano. Kwa ajili yake, Machibya alianza kupewa kiti cha mbele mikutanoni. Sokoni Bariadi walimwita Baba Bingwa, na mimi nilimwita hivyo hivyo. Lakini katika miaka miwili mfupa wa muundi ulikuwa umepata ufa mara mbili. Kila mara alipumzika wiki tatu tu, kisha baba yake akapiga simu kuuliza kwa nini jina lake halisikiki. Sasa ilikuwa zamu ya nyonga.

"Baba, inauma hata nikipanda ngazi," Harieth alisema. "Mwalimu anasema mfupa huu ukivunjika, mguu hautakuwa mguu tena. Niache nisome kwanza."

"Huyo mama ana wivu, anataka watoto wa kwao ndio wang'ae. Unahama chuo."

Harieth akamgeukia mama yake. "Mayu, sema basi."

Wilhelmina aliinua uso, akamtazama mumewe, akarudi kwenye karanga zake.

Wiki mbili baadaye akahamishiwa chuo kingine, karibu na Bariadi. Nilikwenda nao kuwasaidia mizigo. Ofisini kulikuwa na fomu yenye swali: mwanafunzi ana tatizo lolote la afya? Machibya alimnyang'anya binti yake kalamu, akaandika mwenyewe: Hana. Harieth akanitazama mimi. Nami nikaitazama kalenda ya ukutani kama mtu anayetafuta tarehe.

Kocha wa pale aliitwa Novatus. Alitaka kombe la vyuo, na alilitaka haraka. Kila Harieth alipochechemea, alimpa vidonge vya maumivu na kumwambia, "Hayo ni maumivu ya uoga." Akamwona mzito, akamkataza ugali wa jioni. Kufika mwezi wa nane, mifupa ya mabega ilikuwa imemtoka na siku zake za mwezi zilikuwa zimekatika. Alimpigia mama yake simu kumweleza. Wilhelmina mwenyewe ndiye aliyenisimulia, akiwa ameinamisha kichwa: "Nilimwambia ashukuru, hapotezi siku za mazoezi."

Mashindano yalifanyika Bariadi, mwezi wa kumi. Tulikodi lori, tukaenda kijiji karibu kizima. Harieth aliongoza mizunguko minane. Wa tisa, mguu wa kulia ukaanza kuburuta vumbi. Alipofika upande wetu alipunguza mwendo, akainua mkono kumwelekea baba yake, kama mtoto anayeomba ruhusa darasani.

Machibya akaruka kamba. "Kimbia! Unataka kunivua nguo mbele za watu?"

Sisi je? Tulipiga kelele pamoja naye. Msomaji, usiwe na haraka ya kusema wewe ungenyamaza. Tulikuwa tumetoka mbali, na tulitaka ushindi.

Akakimbia. Mizunguko mitatu mingine alikimbia, akiuma midomo hadi damu. Zikiwa zimebaki mita mia mbili, akaanguka. Waliokuwa karibu walisema waliusikia mfupa ukivunjika. Mimi nilisikia watu wakicheka, maana walidhani amechoka.

Baba yake alifika wa kwanza. "Amka! Hawajakufikia bado!" Akamshika kwapani, akamsimamisha kwa nguvu juu ya mguu ule ule. Sauti aliyoitoa Harieth pale sitaki kuiandika.

Kocha Novatus alisogea, akaona paja lilivyogeuka, akarudi kwenye hema lake. Hatukumwona tena siku hiyo.

Watu wa Msalaba Mwekundu walileta machela, lakini Machibya aliwakatalia. Hospitali wangeuliza maswali, wangepiga picha, na ule ufa wa zamani ungeonekana. Alimpakia kwenye gari la kukodi, akampeleka kwa muunga mifupa kule Kimali. Wanaume wawili walimshika mabega na wa tatu akavuta mguu. Siku ya pili wakavuta tena. Siku ya tatu alirudishwa nyumbani akiwa na homa, hatambui watu.

Siku ya tano akaja mwanamke mmoja kwa bodaboda, amejaa vumbi. Alikuwa Mwalimu Stephania. Habari alizipata kwa wanafunzi.

"Mzee Machibya, sikuja kugombana. Nisaidie tumbebe."

Machibya alisimama mlangoni, hakupisha. Hapo ndipo Wilhelmina alipompita mumewe kwa bega, akashika upande mmoja wa godoro. Mimi nikashika wa pili. Tulikuwa tumechelewa siku tano, na miaka miwili kabla ya hizo.

Hospitalini Mwanza, daktari alisema kichwa cha mfupa kimekosa damu, kimekufa. Walimpasua mara mbili. Mguu wa kulia ukabaki mfupi kwa vidole vinne.

Aliporudi nyumbani, watu walikuja kutoa pole. Machibya alikaa sebuleni akiwaambia, huku binti yake akisikia yote kutoka chumbani: "Ni yeye aliyeng'ang'ania kuhama chuo. Watoto wa siku hizi hawasikii la mzazi."

Chumbani kitanda kililia mtu alipojigeuza kuelekea ukutani. Mimi niliweka kikombe chini, nikaondoka. Huo ndio ushujaa wote niliokuwa nao.

Harieth alirudi chuo cha kwanza, akamaliza, akapata shule ya kufundisha. Nyumbani hajakanyaga mwaka wa tatu huu. Humpigia simu mama yake tu. Mchana mmoja Machibya aliiomba ile simu kwa unyonge, akauliza, "Mwanangu, mguu unaendeleaje?"

"Upi, baba?"

Machibya akamgeukia mkewe, kama anayeomba atajiwe ni upi. Harieth akasema ana kipindi, akakata.

FUNZO

Wazazi wenzangu, mwili wa mtoto si mali yetu ya kununulia heshima. Mtoto akisema anaumia, aaminiwe siku hiyo hiyo. Mtaalamu akituambia neno tusilolipenda, tusimhamishe mtoto ili tumkwepe aliyelisema, kwa sababu ugonjwa nao utahama naye. Mama anayejua na kunyamaza anaumiza pia. Nasi majirani tunaoshangilia, tunaotazama kalenda za ukutani wakati mtoto anatutazama sisi, tusiseme hatukuwepo. Machibya ndiye aliyeruka kamba, lakini sauti iliyomsukuma Harieth mizunguko ile mitatu ilikuwa yetu sote.