Zamu ya Sostenes

Jua la Singida liliwaka kama kawaida yake, na magunia ya alizeti kutoka Mungaa yalishajaa uwanjani. Ziada, fundi wa kompyuta wa kiwanda cha mafuta, alikuwa na kazi ndogo tu: kuifuta mashine kuukuu ya kukamulia kwenye mfumo, ili mpya isajiliwe. Ile kuukuu ilishakatwakatwa ikauzwa chuma chakavu, baada ya kumvuta mwendeshaji wake, Sostenes, kwa mkono wa shati na kumuua. Mpya angeiendesha Idrissa, mdogo wake Ziada wa tumbo moja.

Akabonyeza "futa". Mfumo ukagoma: Imeshindikana. Kipengele kinatumika.

"Kinatumika na nani, wewe? Chuma chenyewe kimeshakuwa masufuria!" Ziada akacheka. Akatafuta kinachokishikilia, akakuta zamu moja haijafungwa. Mwendeshaji: Sostenes. Akaifunga. Ikafunguka. Akazima kompyuta, akawasha, akaingia upya. Iko wazi vilevile. Halafu hesabu ya mafuta ya zamu ile ikaanza kupanda. Lita moja. Lita ya pili.

Kicheko kikamkauka.

Akamwita msimamizi, mzee Alute. "Shikamoo mzee. Hebu njoo uone."

"Marahaba." Mzee akatazama, akavua kofia, akanong'ona. "Mwanangu, hapa mtu haachi mashine mpaka mwenzake amshike mkono na kusema nimepokea. Sasa Sostenes, nani alimpokea?"

Hakuna. Walimtoa, wakamzika, wakarudi kazini. Watu wazima na akili zao, jamani!

Chini ya zamu ile palikuwa na nafasi tupu: Mpokeaji. Meneja naye anapiga simu juu ya simu. Haraka haraka haina baraka, lakini nani alikumbuka? Ziada akaandika jina la Idrissa. Si ndiye mwendeshaji mpya?

"Usi..." mzee akamdaka mkono. Alishachelewa. Kipengele kikafutika.

Wakasikia mashine inanguruma. Ile mpya. Ambayo haijaunganishwa umeme.

Ziada alitoka mbio. Idrissa alikuwa peke yake mbele ya mdomo wa mashine. Mkono wa kulia ameunyoosha. Unatikiswa taratibu, kama anasalimiana na mtu. Ila mtu hayupo. Mwili unavutwa. Viatu vinaburuzika sakafuni. Midomo inafunguka kusema.

"Idrissa, nyamaza!"

Akamsukuma, Idrissa akaanguka kule. Ziada akaingiza mkono wake mwenyewe palepale. Hewa ya moto. Ikamshika.

"Nimepokea," akasema. "Nimepokea mimi. Kaka Sostenes, kapumzike."

Mngurumo ukakatika.

Idrissa ni mzima, anauza vocha stendi, kiwanda hataki hata kukisikia. Ziada ni jirani yangu, nawaambia ninachokiona kwa macho yangu. Kiganja chake kina alama nyeusi za vidole vya mtu, zinanuka mafuta yaliyoungua. Kasugua kwa majivu, kasugua kwa mafuta ya taa, wapi! Siku hizi anaufunga mkono ule ndani ya kanga, anasalimia watu kwa mbali, asije mtu akamshika akaipokea zamu ile.

Juzi mama yao alikuja kutoka Kilimatinde. Akashuka kwenye bodaboda anacheka, akanyoosha mkono. Ziada akarudi nyuma hadi ukutani. Alilia sana, masikini, lakini mkono hakuutoa.