Nani Anaizima Kompyuta?

Asubuhi za likizo nyumbani kwa Chiriku zilikwenda vilevile kila siku. Mama, ambaye alikuwa muuguzi, alirudi kutoka zamu ya usiku wakati wengine ndio wanaamka. Alivua viatu mlangoni, akaoga, akanywa chai, kisha akaingia chumbani kulala. Kuanzia hapo watu walitembea kwa ncha za vidole, na redio ilishushwa sauti mpaka ikabaki kunong'ona. Kazi hiyo ya kukaa kimya ilimtesa Chiriku, msichana wa miaka kumi na mitatu ambaye jina lake halisi lilikuwa limesahaulika nyumbani. Walimwita Chiriku kwa sababu ya domo lake.

Likizo hii, hata hivyo, alikuwa amepata kitu cha kumfunga mdomo. Yeye na Mrefu, mtoto wa mama yake mdogo aliyekaa mtaa wa pili, walikuwa wanaunda kompyuta ya michezo kwenye meza ya kulia chakula. Vipuri walipewa na mjomba wao, fundi mwenye duka la kutengeneza kompyuta. Kisanduku cha kompyuta hiyo hakikuzidi katoni ya viatu, na hapo ndipo palipokuwa na raha na taabu yake. Kila waya ulipaswa kukunjwa na kupitishwa mahali pake, maana nafasi ya kosa haikuwapo. Chiriku aliunganisha nyaya na kuweka programu. Mrefu, mwenye vidole vyembamba na subira ya mshona nguo, alifunga kipoza joto, yaani kile chuma chenye feni kinachokaa juu ya prosesa ili ubongo huo wa kompyuta usiungue.

Ilipowaka kwa mara ya kwanza walipigana viganja polepole, wasije wakamwamsha mama. Mjomba alikuja kuikagua, akaisifu kazi ya Mrefu, na akamwambia kwamba Jumatatu aanze kufika dukani kujifunza ufundi. Mrefu alikuwa akiitamani nafasi hiyo kwa muda mrefu. Kabla ya kuondoka mjomba alieleza kuwa kompyuta inaweza kupandishwa kasi kupita ile iliyowekewa kiwandani, lakini akawaonya wasijaribu mpaka atakapowaonyesha yeye mwenyewe. Chiriku aliitikia ndiyo, huku maneno yakiingilia sikio hili na kutokea lile.

Jumamosi rafiki zao walikuwa waje kushindana mbio za magari, naye alitaka magari yale yateleze kwenye kioo kama maji. Kwa hiyo asubuhi moja, akiwa peke yake mezani, alifungua ukurasa wa mipangilio, akapandisha kasi ya prosesa. Kompyuta ikaenda mbio kweli. Lakini feni nayo ikaanza kuvuma kama nyuki waliochokozwa, na mama alikuwa amelala chumba cha pili. Chiriku akarudi kwenye mipangilio, akaipunguza feni mpaka ikanyamaza. Akajipongeza moyoni, akaendelea kucheza.

Mchana kompyuta ilizimika ghafla. Aliiwasha, ikazimika tena. Hofu ikamshika, akakimbilia kuirudisha kasi ilivyokuwa mwanzo. Alishusha pumzi, akiamini shida imekwisha. Jioni, Mrefu alipokuja na kuanza mbio za majaribio, kioo kikawa cheusi katikati ya kona.

Chiriku alichanganyikiwa. Kasi alikuwa ameshairudisha kwa mkono wake mwenyewe, sasa nani anaizima kompyuta? Walidhani ni umeme wa nyumba, wakahamia kwenye soketi ya jikoni. Wakadhani ni mchezo wenyewe, wakaufuta na kuuweka upya. Kila walipodhani wamepata sababu, sababu ile ilidumu dakika chache tu, kisha kioo kikafa tena.

Mrefu akampigia mjomba simu na kuweka spika. Mjomba alisikiliza, kisha akauliza kama kuna mtu aliyegusa mipangilio.

"Hapana, mjomba," Chiriku akajibu haraka. "Hatujagusa kitu."

Wala hakujiona anadanganya sana. Kitu alichokigusa si alikirudisha?  Mjomba akasema kwamba kama ni hivyo, basi prosesa inapata joto kwa sababu kipoza hakikufungwa vizuri. Sauti yake haikuwa na ukali, na pengine hilo ndilo lililomuumiza Mrefu zaidi.

Kesho yake Mrefu alikaa sakafuni, akaifungua kompyuta yote. Alitoa kipoza, akafuta ile dawa nyeupe ya kupitisha joto inayopakwa kati yake na prosesa, akapaka nyingine kwa uangalifu kama anayepaka mtoto mafuta, akafunga skrubu moja baada ya nyingine. Chiriku alimshikia tochi. Walipoiwasha ilikwenda vizuri kidogo, halafu ikazimika.

"Basi ni mimi," Mrefu akasema taratibu. "Ila sijui nimekosea wapi."

Alikusanya vifaa vyake, akaenda zake. Baadaye mjomba akapiga simu kusema kwamba huenda prosesa imeshaungua, na kwamba amewaambia mafundi wake kuwa Mrefu asubiri kwanza, hajakomaa kukabidhiwa kompyuta za wateja.

Chiriku alibaki na simu mkononi. Kichwani mambo yaligombana. Kama kosa ni lake, mbona alisharudisha kasi? Kama si lake, mbona anaogopa kumwambia mjomba? Alifungua ukurasa wa mipangilio ili ajihakikishie kuwa hana hatia, akakuta msururu wa tarakimu usiomwambia lolote. Hakukumbuka zilikuwaje mwanzo. Kadiri alivyotazama ndivyo alivyozidi kupotea, mpaka akawa hana uhakika hata na yale aliyoyakumbuka.

Akamfuata mama, aliyekuwa uani akianika sare yake ya kazi, na kuanza kusimulia. Alianzia katikati, akarudi nyuma, akaruka mbele. Mama aliendelea kuanika mpaka alipolisikia jina la Mrefu.

"Ngoja," alisema. "Mjomba wako alipokuuliza, ulimwambia hivi unavyoniambia mimi?"

"Nilimwambia hatujagusa kitu. Lakini, mama, mimi hata sasa sijui kama ni mimi."

"Mambo ya kompyuta siyajui. Ila si wewe wa kuamua kipi kina maana na kipi hakina. Mwambie yote, hata usilolielewa. Na kabla ya mjomba, nenda kwa Mrefu."

Njia ya kwenda mtaa wa pili haikuwahi kuwa ndefu kiasi kile. Mrefu alikuwa akiosha vyombo. Alimsikiliza mpaka mwisho, mikono ndani ya povu.

"Nilipokuwa sakafuni nafungua skrubu zote zile," akauliza, "wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua nusu. Hiyo nusu nyingine nilikuwa naiogopa."

 Mrefu alimalizia sahani zilizobaki, moja moja, kisha akajifuta mikono na kusema twende.

Walimpigia mjomba simu, naye akafika nyumbani kwa kina Chiriku jioni. Chiriku akarudia kila kitu mbele yake na mbele ya mama. Alipofika kwenye feni, jambo ambalo mwenyewe aliliona dogo, mjomba alimkatiza na kumwomba alirudie. Akafungua mipangilio na kuwaonyesha. Kasi ilikuwa imerudi mahali pake kweli, lakini feni ilikuwa bado imefungwa breki. Ndani ya kisanduku kidogo namna ile, joto halikuwa na pa kutokea, na kompyuta ilikuwa ikijizima yenyewe ili isiungue. Kipoza cha Mrefu kilikuwa kimefungwa sawasawa tangu siku ya kwanza.

Waliirudisha feni ilivyokuwa, wakaucheza mchezo mpaka vidole vikachoka. Kioo hakikuzimika. Mjomba alimwambia Chiriku kwamba anayebadilisha mambo mawili kwa pamoja hawezi kujua lipi limemletea shida. Abadilishe moja, alipime, aliandike, ndipo aende kwenye jingine. Kisha akamgeukia Mrefu, akamwomba radhi kwa kumhukumu mapema, akamwambia afike dukani Jumatatu kama walivyopatana.

Mama ndiye aliyesema la mwisho.

"Wodini tulipata mgonjwa wa kizunguzungu," alisema. "Tulimuuliza kama anatumia dawa yoyote, akasema hakuna. Tukampima hiki na kile, tukahangaika naye, tunamtafutia ugonjwa ambao hana. Kumbe alikuwa na vidonge mfukoni, anaona haya kusema. Mwanangu, ukificha ulichofanya, hata wewe mwenyewe huwezi kujisaidia. Na mwingine anatibiwa kosa lisilo lake."

Chiriku aliinamisha kichwa, akasema amesikia na hatarudia.

"Bado," mama akasema. "Uongo wako ulifika mpaka dukani kwa mjomba wako. Ukweli nao ufike hukohuko, na uupeleke wewe."

Jumatatu asubuhi Chiriku aliongozana na Mrefu hadi dukani. Mafundi watatu walikuwa wameinamia kazi zao, moshi wa risasi ya kuungia nyaya ukipanda polepole. Yule msichana asiyejua kunyamaza akasogea katikati yao. Alisema kwamba kipoza kilifungwa vizuri, kwamba aliyeharibu ni yeye, na kwamba aliulizwa akakana. Hakuongeza kitu.

Fundi mkubwa kuliko wote aliinua macho, akamtazama Mrefu. Akaondoa lundo la nyaya lililokuwa juu ya kiti jirani na chake, akakivuta karibu na meza, mbele ya kompyuta iliyofunguliwa.

"Kaa hapa," alimwambia. "Leo tunaanza na hii."